Mafuta ya kupima: kugawa dumu la lita 20

Anayelipwa kwa siku hununua mafuta ya mlo mmoja, kwa hiyo vipimo vyako vianzie mililita 50. Kikombe kilichobonyea kitupe. Kinampunja mtu asiye na cha kupunjwa.

Dumu la lita 20 lina vipimo 200 vya mililita 100, lakini piga hesabu ya 190: mengine hubaki kwenye kuta za dumu, kwenye faneli na kikombeni. Tuseme umelinunua kwa shilingi 95,000. Kila kipimo kimekugharimu 500. Ukiuza 600, unabaki na 19,000. Wengi hugawa kwa 200, kisha hawaoni faida imeenda wapi.

Mafuta ya mawese huganda asubuhi ya baridi. Yayeyuke kwanza ndipo upime. Chupa ya mteja ikiwa na maji, ikaushe kabla ya kumimina, la sivyo mafuta yataruka kikaangoni.