Kuhama Nyumba Huku Mtoto Anaombewa Shule England: Anwani Ipi Itahesabiwa?

Pango halifuati kalenda ya shule. Mwenye nyumba akiitaka nyumba yake Novemba, utahama Novemba, hata kama fomu ya kumwombea mtoto sekondari uliituma Oktoba ukiwa kwenye anwani ya zamani. Wengi wetu tukishahama tunakaa kimya tukiamini kwamba taarifa zitafika shuleni zenyewe. Hazifiki. Aliyejaza fomu ndiye mwenye wajibu wa kusema amehama. Asiposema, mtoto anaweza kupangiwa shule iliyo mbali na makazi mapya, au akapewa nafasi ambayo baadaye inahojiwa.

Nazungumzia England pekee. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, kwa hiyo aliye Glasgow au Cardiff asifuate tarehe nitakazotaja hapa.

Mtoto anayeingia sekondari akiwa na miaka 11 huombewa kabla ya tarehe 31 Oktoba, na majibu hutoka 1 Machi. Anayeanza shule ya msingi, Septemba baada ya kutimiza miaka 4, huombewa kabla ya 15 Januari na majibu hutoka 16 Aprili. Siku ya majibu ikiangukia wikendi au sikukuu, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Maombi hupelekwa kwenye kaunsili, yaani halmashauri ya mahali unapoishi, hata kama shule unayoitaka iko kaunsili ya jirani. London unaweza kutaja shule 6. Kwingineko si chini ya 3. Na mtoto aliyesoma chekechea iliyo ndani ya shule ya msingi haingii moja kwa moja darasa la awali, yaani mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Lazima aombewe kama wengine.

Tarehe hizo zinajulikana. Iliyo muhimu zaidi kwa anayehama haitangazwi sana: kila kaunsili huweka siku yake ya mwisho ya kupokea badiliko la anwani, mara nyingi wiki kadhaa baada ya maombi kufungwa. Ukileta uthibitisho kabla ya siku hiyo, umbali hadi shuleni, ambao mara nyingi ni kigezo cha kugawa nafasi, utapimwa kutoka nyumba mpya. Ukichelewa, majibu ya awamu ya kwanza yatafuata anwani ya zamani, na ile mpya itaanza kufanya kazi kwenye orodha ya kusubiri tu. Siku hiyo huandikwa kwenye kijitabu cha udahili ambacho kaunsili hutoa kila mwaka. Kitafute kabla hujatia saini mkataba wa nyumba, maana wiki moja ya kuchelewa inaweza kumgharimu mtoto shule.

Ukivuka mpaka wa kaunsili, waandikie wote wawili, wa ulikotoka na wa unakokwenda, na uhifadhi barua pepe zao. Uliza swali moja la wazi: ombi langu mtalihesabu kama limewahi au limechelewa? Maombi yaliyochelewa hushughulikiwa baada ya yaliyowahi, na shule zinazogombaniwa huwa zimeshajaa.

Karatasi zinazokubalika

Kwa anayenunua, kaunsili nyingi hutaka ushahidi kwamba muuzaji na mnunuzi wamekwisha kubadilishana mikataba, hatua inayowafunga wote wawili kisheria. Barua ya benki kwamba umekubaliwa mkopo haitoshi, na ofa iliyopokelewa na muuzaji haitoshi. Kwa mpangaji, huombwa mkataba wa pango uliotiwa saini. Huongezwa bili ya kodi ya kaunsili na ushahidi kwamba nyumba ya zamani umeshaiacha. Hilo la mwisho huwashangaza watu: kama bado unamiliki nyumba nyingine na umepanga karibu na shule, kaunsili nyingi zitaichukulia ile unayoimiliki kuwa ndiyo makazi yako.

Wenzetu hukwama hapa mara nyingi. Unaishi kwenye nyumba ya kushirikiana, kodi ya kaunsili imo ndani ya pango na bili ina jina la mtu mwingine. Au kaunsili inataka barua ya posho ya mtoto, na viza yako ni ile isiyoruhusu kupokea fedha za umma, kwa hiyo posho hiyo huna haki ya kuiomba. Usijibu kwa kunyamaza, na usiombe posho ili tu upate barua, maana utakuwa umevunja masharti ya viza. Andika ueleze hali ilivyo, kisha uulize wanakubali nini badala yake: taarifa ya benki, usajili wa mtoto kwa daktari, barua ya mwajiri, au barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kodi ya kaunsili hulipwa naye. Wahudumu wa udahili hukutana na hali hizi mara kwa mara.

Jambo jingine linalowatisha wazazi bila sababu: shule ya serikali hairuhusiwi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya uraia wake au hali yake ya uhamiaji. Kuhakikisha kwamba viza ya mtoto inamruhusu kusoma shule ya serikali ni kazi ya mzazi.

Anwani ya mjomba

Hapa nitasema bila kuzunguka. Katika jamii zetu mtoto kulelewa kwa shangazi au baba mdogo ni jambo la heshima, na ndugu aliye karibu na shule nzuri atakwambia kwa moyo mweupe, "Andika tu kwangu." Usiandike. Kinachohesabiwa ni mahali mtoto anapolala siku nyingi za wiki ya shule, pamoja na mzazi au mtu mwenye dhamana ya kisheria juu yake. Kanuni za Udahili za mwaka 2021 zinaruhusu nafasi kufutwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu au kwa taarifa za kupotosha kwa makusudi, na anwani isiyo ya kweli ni mfano uliotajwa humo. Mtoto akiwa ameshaanza masomo, muda aliokaa shuleni hutazamwa kabla ya uamuzi, lakini nafasi bado inaweza kuondolewa. Hebu fikiria kumweleza mtoto wa miaka 11 kwamba anaacha marafiki aliowapata kwa sababu ya kitu alichoandika baba yake.

Na kama kweli mtoto amehamia kwa ndugu, kuna sheria nyingine ambayo wengi hawaijui. Mtoto wa chini ya miaka 16 akiishi siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu, kaunsili lazima ijulishwe. Ndugu wa karibu, kwa sheria ya huku, ni babu na bibi, kaka na dada, mjomba na ami, shangazi na mama mdogo, na mzazi wa kambo. Binamu ya baba, ambaye kwetu ni baba mdogo kamili, hayumo. Mtu mliyetoka kijiji kimoja hayumo. Wajulisheni mapema, lengo la kaunsili hapo ni kuhakikisha kwamba mtoto yuko salama.

Umehama baada ya majibu kutoka

Usiiachie nafasi uliyopewa. Ikubali, hata kama shule hiyo sasa iko mbali, kisha uombe mtoto aingizwe kwenye orodha za kusubiri za shule zilizo karibu na nyumba mpya. Kukubali nafasi moja hakukushushi kwenye orodha ya shule nyingine. Nimewasikia wazazi wakisema wameikataa ofa ili waonyeshe wana uhitaji mkubwa. Kukataa hakukupi alama yoyote, na unaweza kujikuta huna shule kabisa.

Orodha ya kusubiri haifuati nani aliyetangulia kujiandikisha. Hupangwa kwa vigezo vya shule: kwanza watoto walio au waliowahi kuwa chini ya ulezi wa serikali, kisha mara nyingi wenye ndugu shuleni, kisha umbali. Kwa hiyo ukihamia karibu na shule unaweza kupanda hadi juu kwa siku moja, na jirani mpya akihamia karibu zaidi atakushusha. Shule hulazimika kuitunza orodha hiyo angalau hadi 31 Desemba ya mwaka mtoto anapoingia. Mtoto wa mahitaji maalumu mwenye mpango rasmi wa elimu, afya na matunzo (EHCP) uliotaja shule fulani yuko nje ya foleni hii. Shule iliyotajwa lazima imchukue, na kwake kuhama huanzia kwenye kuurekebisha mpango wenyewe.

Una haki ya kukata rufaa kwa kila shule iliyokukatalia, na muda wa kuiwasilisha hauwezi kuwa chini ya siku 20 za shule. Rufaa ya darasa la awali na miaka miwili inayofuata ni ngumu, kwa kuwa sheria hairuhusu zaidi ya watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Huko ningeelekeza nguvu kwenye orodha ya kusubiri.

Masomo yakiwa yameanza, ombi ni la katikati ya mwaka. Huenda likapitia kaunsili au likaenda shuleni moja kwa moja, uliza. Majibu lazima yatolewe ndani ya siku 15 za shule. Ikiwa hakuna nafasi popote karibu na mtoto amekaa nje ya shule wiki 4 au zaidi, iombe kaunsili imwingize kwenye utaratibu maalumu wa kuwatafutia nafasi watoto waliokwama. Familia zisizo na makazi, wakimbizi na waomba hifadhi nao wamo katika utaratibu huo. Kwa mtoto aliye katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari, ulizia pia bodi za mitihani. Shule moja hutumia AQA, nyingine Edexcel au OCR, na hata somo likiwa lilelile mada zinaweza kutofautiana.

Ukiamua mtoto abaki shule ya zamani, pigia hesabu nauli. Usafiri wa bure kwa kigezo cha umbali hutolewa kwa aliye chini ya miaka 8 anayeishi zaidi ya maili 2 kutoka shuleni, au zaidi ya maili 3 kwa mkubwa zaidi, lakini shule hiyo lazima iwe ndiyo inayofaa iliyo karibu zaidi naye. Baada ya kuhama, kwa kawaida haitakuwa hiyo, na basi la kila siku litalipwa na wewe.