Gharama za Kipangaji cha Maulizo katika PostgreSQL: Kiotomatiki au kwa Mkono?

Kabla ya kutekeleza ulizo, yaani ombi la kupata data, kipangaji cha PostgreSQL, programu ya hifadhidata, hulinganisha njia kadhaa za kuifikia data na kuchagua ile iliyokadiriwa kuwa na gharama ndogo zaidi. Gharama hiyo haihesabiwi kwa milisekunde bali kwa uwiano: kusoma ukurasa kwa mfuatano, yaani seq_page_cost, kumepewa 1.0, na kusoma ukurasa ulio popote, yaani random_page_cost, kumepewa 4.0. Seva yenye diski za SSD iliyoachwa na 4.0 huweza kusoma jedwali zima ilhali faharasa, yaani orodha inayoonyesha data iko wapi, ingetosha, kwa kuwa SSD husoma popote kwa gharama ndogo.

Kinachofanyika kiotomatiki ni ukusanyaji wa takwimu tu: autovacuum, kazi ya usafi inayojiendesha yenyewe, huendesha ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu hizo, pale safu (rekodi) zilizobadilika zinapozidi 50 pamoja na asilimia 10 ya jedwali. Gharama zenyewe hazibadiliki mpaka uzibadilishe wewe.

Kwa hiyo anza na takwimu. Endesha EXPLAIN ANALYZE, amri inayotekeleza ulizo na kuonyesha mpango wake, kisha linganisha safu zilizokadiriwa na zilizopatikana. Zikipishana mara mia, tatizo haliko kwenye gharama, na kuipunguza random_page_cost kutalifunika kosa ambalo litaibuka kwenye ulizo jingine. Hapo endesha ANALYZE, ongeza kiwango cha takwimu cha safuwima husika juu ya 100 ya awali, au, ikiwa safuwima mbili hutegemeana, tumia CREATE STATISTICS ili takwimu zionyeshe utegemezi huo.

Makadirio yakiwa sawa na mpango ukabaki mbaya, ndipo ushike gharama. Tangulia na effective_cache_size, ambayo haitengi kumbukumbu yoyote bali hukijulisha kipangaji kiasi cha kumbukumbu ya kuhifadhia kurasa cha kutarajia. Kwa seva ya GB 32 iliyotengewa hifadhidata pekee, GB 24 inafaa kuliko GB 4 ya awali. Kisha, ndani ya kikao chako tu, andika SET random_page_cost = 1.1 na uendeshe maulizo halisi ya mfumo, kila moja mara kadhaa, kwa kuwa mara ya kwanza husoma diski na zinazofuata huzikuta kurasa kwenye kumbukumbu. Ni kwa sababu hiyo sipendekezi programu ndogo za kurekebisha gharama kiotomatiki: zinafuata muda unaoyumba, na mipango ya maulizo huyumba nao mchana wa kazi.

Ukiridhika, tumia ALTER SYSTEM kuihifadhi thamani hiyo kwa seva nzima, na pg_reload_conf ili ianze kutumika. Data nyingine ikikaa kwenye diski za kuzunguka, ALTER TABLESPACE, amri ya kubadilisha mipangilio ya eneo la kuhifadhia data, huipa gharama yake yenyewe.