Winta ya Sweden ikikushusha moyo, anza na taa asubuhi

Wapendwa mliohamia huku kutoka Bongo au Mombasa, hii hali ya kila ikifika Novemba mwili unakua mzito, unalala masaa 11 na bado umechoka, unatamani mikate na vitu vitamu tu, simu ya mama inaita unaiangalia mpaka inakata, sio uvivu na wala hujarogwa. Ni ugonjwa unaitwa SAD, yaani sonona ya msimu, daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake waliueleza Marekani tangu 1984, na una tiba. Hapa Stockholm Desemba jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri haijafika limeshazama, sisi tuliokulia kwenye masaa 12 ya mwanga mwaka mzima lazima tuyumbe.

Cha kwanza taa. Tafuta ile ya tiba yenye lux 10,000 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga) inayochuja miale ya UV inayodhuru macho na ngozi, na usome karatasi yake imeandika ukae umbali gani, manake ukisogea nyuma mwanga unapungua sana. Mimi naiweka mezani kwa ubavu karibu na kikombe cha chai, nakunywa nasoma meseji, macho wazi ila siikodolei taa yenyewe, dakika 30 kila siku nikishaamka tu. Jioni usiwashe, utakosa usingizi. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki moja au mbili, ila ukiacha katikati ya winta hali inarudi. Mwenye shida ya retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga) au bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) amuone daktari kwanza, mwanga unaweza kumpandisha mtu wa bipola kupita kiasi. Solariamu, zile mashine za kubadili rangi ya ngozi kwa UV, achaneni nayo kabisa, inachoma ngozi tu.

Mchana toka nje hata kama kuna mawingu, bado kuna mwanga kuliko ndani. Vitamini D pima damu, ikiwa chini meza, ila usiitegemee peke yake.

Taa isipotosha piga 1177, namba ya ushauri wa afya hapa Sweden, uulize tiba ya kuongea inaitwa CBT, ya kubadili mawazo na mazoea yanayokushusha, faida yake inaweza kukufaa mpaka winta zijazo. Kuna na vidonge vya sonona kama setralini au fluoksetini, vinachukua wiki kadhaa kukolea na usiviache ghafla bila kuongea na daktari.

Ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri miadi, piga 112, namba ya dharura, hapo hapo, halafu muite mtu unaemwamini aje akae na wewe.