Kulipwa kwa Kumlea Mtoto Mwenye Ulemavu, California: Jinsi ya Kupata Saa na Kuzilinda

Jimbo la California humlipa kwa saa mzazi anayemtunza nyumbani mtoto wake mwenye ulemavu. Mpango huo huitwa IHSS (In-Home Supportive Services, huduma za matunzo nyumbani), na hapatikani mtu ndani yake bila Medi-Cal, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo. Kipato cha nyumbani kikizidi kiwango cha Medi-Cal, na mtoto ana usonji au ulemavu mwingine wa ukuaji, nenda Regional Center, kituo cha eneo lenu kinachohudumia watu wenye ulemavu wa ukuaji, ukaulizie utaratibu unaoacha kando kipato cha wazazi.

Piga simu ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti yako, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Ni bure. Usimtumie kaka wa mtoto kutafsiri: ataona haya kutaja kinyesi na kujigonga kichwa, na hayo ndiyo yanayohesabiwa. Fomu ya daktari, SOC 873, irudi kwa kaunti ndani ya siku 45.

Afisa wa kaunti atakuja nyumbani kupima mtoto anahitaji saa ngapi za matunzo. Hapa ndipo wazazi wengi hupoteza saa, kwa kuwa tumezoea kumsitiri mtoto na kusema "hajambo, tunamudu". Eleza siku mbaya ilivyo. Mtoto hulinganishwa na wa rika lake: kumvisha nguo wa miaka 2 hakuhesabiwi, wa miaka 9 kunahesabiwa.

Saa nyingi hutoka kwenye uangalizi wa usalama, kwa mtoto asiyetambua hatari kwa sababu ya hali ya akili yake na anayehitaji macho mchana na usiku. Dari ni saa 283 kwa mwezi. Wiki kadhaa kabla afisa hajaja, andika kila tukio kwenye daftari: tarehe, saa, alichofanya, ulivyomzuia. "Anasumbua" haitoshi, "alifungua mlango saa 8 usiku akaenda barabarani" inatosha. Daktari ajaze SOC 821, fomu ya uangalizi huo, akiwa na daftari hilo mkononi.

Wewe nawe unasajiliwa kama mlezi anayelipwa: fomu SOC 426 na alama za vidole.

Saa ulizofanya kazi hujazwa mara mbili kwa mwezi. Usiandike muda aliokuwa shuleni wala siku alizolazwa hospitali. Kaunti hulinganisha kumbukumbu, huweza kuja bila taarifa, na malipo uliyozidishiwa hudaiwa uyarudishe. Ukiishi naye, jaza fomu SOC 2298 ili mshahara usikatwe kodi ya mapato. Jua pia kwamba mzazi wa mtoto mdogo hachangiwi Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani, kwa kazi hii.

Wakipunguza saa, una siku 90 za kukata rufaa. Ukiomba kabla punguzo halijaanza, saa za zamani huendelea mpaka uamuzi utoke.