Taa ya breki inawaka na kuzima? Tazama haya kabla hujamwachia fundi gari

Taa nyekundu ya breki ikiwaka moja kwa moja, kila mtu hushtuka. Ikiwaka kidogo ikazima, hapo ndipo tunapoanza kujidanganya. Mimi nilijidanganya zaidi ya mwezi.

Anza na handibreki. Ishushe mpaka mwisho; ikibaki jino moja juu, taa huchezacheza kwenye matuta. Na hakikisha ni ile nyekundu, si ya njano ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu. Hiyo ni kesi nyingine.

Kisha kumbuka inawaka wapi. Usimwendee fundi na "inawaka mara mojamoja tu." Yangu iliwaka nikiteremka kuingia feri Likoni, gari likiinamisha pua, ikazima nikishapanda kivukoni na kukaa sawa. Sikumwambia fundi hilo, naye alikuwa na haraka. Akasema chumvi ya bahari imekula soketi. Hapa Mombasa soketi huliwa kweli, kwa hiyo sikubisha. Akachomoa waya kwenye kopo la oili ya breki, taa ikanyamaza, nikalipa na kushukuru juu.

Kumbe ndani ya kopo lile mna boya. Oili ikipungua kidogo, gari likiinama au likikata kona, oili hukimbilia upande mmoja, boya likashuka, taa ikawaka. Ukirudi tambarare, inazima.

Wiki tatu baadaye, mteremko uleule, mbele yangu mkokoteni wa mitungi ya maji. Nikakanyaga breki, mguu ukazama karibu na sakafu. Nikavuta handibreki kwa mikono miwili. Gari lilisimama nikiweza kuhesabu mitungi. Mwenye mkokoteni hata hakunitukana, aliniangalia tu. Tulipovua tairi la nyuma kushoto, upande wa ndani ulikuwa umelowa: mpira wa silinda ya gurudumu umekufa, oili imekuwa ikivuja muda wote huo.

Kwa hiyo egesha tambarare, zima injini, tazama kopo. Oili iwe kati ya MIN na MAX. Imepungua? Usijaze ukaenda zako. Oili ya breki haiungui kama petroli: ama pedi zimelika, ama inavuja mahali. Chungulia nyuma ya kila tairi, na zulia chini ya kanyagio. Washa injini, kanyaga breki uishikilie, hesabu mpaka thelathini. Kanyagio likizidi kuzama, gari halitoki hapo, hata kama feri inakungoja.

Ukiongeza, weka ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Si ya kopo lililofunguliwa tangu mwaka jana, maana hufyonza unyevu, na unyevu wa kwetu hauna mchezo. Oili ya gia au ya usukani usithubutu, huvimbisha mipira yote. Na usiimwagie bodi, inakula rangi.

Ukinunua gari la mtu, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya breki isipowaka kabisa, huenda glopu imeungua, au imetolewa. Ikiwaka, bado fungua boneti utazame kama waya wa kopo umechomekwa.