Nyota zisimeze namba yako: kuandika kwa Markdown

Mimi ndiye mwandishi wa likelemba yetu, kikundi cha mama wanaochanga pesa na kuzipokea kwa zamu, hapa Kadutu, Bukavu. Umeme ukikatika naandika ripoti kwenye simu, maandishi matupu, na ukirudi nayageuza kuwa karatasi ya kuchapa. Natumia Markdown, mtindo aliouanzisha John Gruber mwaka 2004: alama unazipiga pamoja na maneno yenyewe, huna haja ya kutafuta vitufe.

Kichwa kinaanza na #, kisha nafasi, kisha maneno. ## Ni kichwa kidogo. Aya zitenganishe kwa mstari mtupu, maana ukishuka mstari mmoja tu sentensi zitaungana. Kabla ya orodha pia acha mstari mtupu, halafu kila jina litanguliwe na kistari na nafasi. Kwenye orodha ya zamu naandika 1. mbele ya kila mama, wote 1., programu ya kugeuza inahesabu yenyewe. Mama akiomba kubadilishana zamu, nahamisha mstari wake na namba zinajipanga upya. Hilo peke yake limeniokolea jioni nyingi.

Nyota (*) ndizo zinazotaka macho. Kwenye WhatsApp nyota moja kila upande inatoa herufi nzito. Kwenye Markdown nyota moja inalaza herufi. Nzito ni mbili mbili: **Jumamosi saa nane**.

Mwezi mmoja niliwaandikia mama namba ya kutuma mchango kwa simu, ya mtindo huu: *123*4#. Programu ikaona nyota mbili zimeikumbatia 123, ikailaza na kuzifuta nyota zenyewe. Karatasi ikatoka 1234#. Mama mmoja muuza samaki alibonyeza mpaka akadhani simu yake imekufa. Iliniuma, kwa sababu yeye hasomi sana. Anaamini ninachompa mkononi.

Dawa ni kuweka \ mbele ya kila nyota: \*123\*4#. Hapo programu inaiacha nyota kama ilivyo.

Kugeuza natumia programu iitwayo Pandoc. Ni ya bure, na ikishaingia kwenye kompyuta haidai intaneti. Kwenye dirisha la amri (terminal) unaandika:

pandoc likelemba.md -o likelemba.docx

Sasa nachapa karatasi moja kwanza. Nashika simu, nabonyeza namba kama inavyosomeka pale, na ikikubali ndipo nachapa za mama wote.