Jinsi ya kuisimamisha tena loji iliyozama: kazi yetu ukingoni mwa Rufiji

Usioshe ukuta. Hilo ndilo neno la kwanza ninalomwambia msimamizi yeyote anayenipigia simu akiwa amesimama kwenye tope la loji yake. Mto ukishuka huacha mstari wa kahawia ukutani, kwenye magome ya miti, kwenye mlango wa stoo, na mstari huo ndio ramani ya jengo lako jipya. Chukua rangi nyekundu ya mafuta, piga alama juu ya mstari huo kwenye kila kibanda na kila mti mkubwa, andika tarehe, kisha piga picha futikamba ikiwa imesimamishwa pembeni. Watu wa bima watazitaka picha hizo, lakini fundi wa nguzo atazihitaji zaidi yao.

Sisi tulikaribia kuupoteza. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti yalipita pia kwenye loji yetu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, upande wa Mloka. Nilipofika na timu ya watu 23, vijana waliotutangulia walikuwa wamekwisha sugua vibanda viwili vikang'aa. Walifanya kwa moyo mwema kabisa. Bahati nzuri miti ya mivumo iliyo nyuma ya jiko ilikuwa bado imeshika alama yake: mita 1.4 kutoka ardhini.

Kabla ya sururu ya kwanza, hakikisha mna askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mwenye bunduki, na asiwe wa kuja na kuondoka. Mto ukipanda, kila kiumbe hutafuta pakavu, na paa lililoanguka ni pakavu. Makuti ya zamani tuliyavuta kwa kamba ndefu kutoka mbali, tukayaacha juani saa nzima, ndipo tukayagusa. Nyoka watatu walitoka. Bwawa la kuogelea halikusogelewa mpaka pampu ilipoyanyonya maji yote; chini tulikuta kambale wa kujaza karai mbili na mamba mdogo wa urefu wa mkono wangu. Askari alimbeba mamba mwenyewe, nasi tukawarudisha kambale mtoni. Baada ya saa kumi na mbili jioni hakuna anayetembea peke yake, hata kwenda chooni, maana viboko hupanda kula majani kwa njia zile zile walizozizoea, na njia moja ilikuwa inapita katikati ya mahema ya mafundi.

Sasa tope. Tope la Rufiji lina siku zake, na ukizikosa utalipa vibarua mara mbili. Siku za mwanzo ni uji, ukilichota linamwagika kabla toroli halijafika. Baadaye kidogo linashikana, linakatika kwa chepe kama ugali uliopoa, na mtu mmoja anaweza kutoa chumba kizima kwa asubuhi moja. Likipigwa jua wiki mbili linakuwa tofali, utalivunja kwa sururu na utavunja na sakafu pamoja nalo. Kwa hiyo usianze na kona moja ukaenda nayo mpaka mwisho. Peleka nguvu yote kwenye vyumba vyenye sakafu nzuri wakati tope linakatika, vile vya kubomolewa viache vikauke vyenyewe.

Mzee mmoja wa Mloka alikuja kutuuzia mihogo, akasimama akitutazama.

"Shikamoo, babu," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hilo mnalolibeba kwa toroli, sisi tunaliombea dua."

Alikuwa anasema kweli. Maji yakiondoka bondeni, watu wa Rufiji hupanda kwenye unyevu ule ule walioachiwa, na kilimo hicho wanakiita mlau. Ndiye aliyenikumbusha kuhusu dungu. Tangu zamani mkulima wa bondeni amejenga kibanda chake cha shambani juu ya miguu, akilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, na maji yakija yanapita chini. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya miinuko, lakini madungu hayakuisha. Nilikaa naye juu ya gogo karibu saa mbili. Aliniambia nguzo za dungu hazifungwi kwa ukuta chini, hata wa fito, kwa sababu mto haupendi kuzuiwa. Magogo yanayoelea yakikwama kwenye ukuta yanakuwa boma, na boma linasukumwa mpaka linaondoka na nyumba. Nikakumbuka vibanda vyetu viwili vilivyolala ubavu. Vyote viwili vilikuwa na ukuta wa mawe wa mapambo chini ya sakafu.

Kuanzia siku hiyo mchoro ulibadilika, na kama una nafasi ya kuchukua jambo moja tu hapa, chukua hili. Usirudishe jengo lilipokuwa. Kwanza sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwenye mali atakuambia mgeni anataka, yeye akiwa kitandani, kumwona tembo akinywa maji. Mwonyeshe vipimo. Pili, tazama kona. Mto hula ukingo wa nje wa kona na kutapika mchanga upande wa ndani, na ukingo wa Rufiji ni mchanga mtupu, unamong'onyoka kwa mapande. Tulichomeka vigingi vya mbao kila baada ya mita moja kutoka ukingoni kurudi nyuma. Ndani ya wiki sita, vigingi vitatu vya mbele vilikwenda na mto, na huo ulikuwa mwezi wa Julai, maji yakiwa yametulia. Mwenye loji aliviona vigingi hivyo kwa macho yake, akakubali vibanda virudi nyuma bila mjadala zaidi.

Nguzo ziwe za milingoti iliyotiwa dawa kiwandani, kama zile za umeme zinazotoka Mufindi. Hifadhini hukati mti, hata ulioanguka usiuguse bila ruhusa. Tulichimba mashimo ya mita 1.5, tukamwaga zege chini na kuzunguka, na sakafu tukaiweka mita 2.2 kutoka ardhini, yaani sentimita 80 juu ya mstari mwekundu. Funga mikingamo, yaani mbao za kuunganisha nguzo, juu, karibu na sakafu. Chini acha wazi. Juu ya jukwaa weka hema la turubai kwenye fremu ya bolti, siyo ukuta wa tofali. Hema watu wanne hulifungua kwa nusu siku na kulipeleka juu ya kilima.

Mchanga wa zege usiuamini kwa macho. Jaza chupa ya maji ya lita moja na nusu mpaka nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache ilale usiku. Asubuhi mchanga safi utakuwa chini na juu yake utando wa udongo laini. Utando ukiwa mwembamba kama kucha, kazi iendelee. Shehena yetu ya pili ilikuwa na utando wa upana wa vidole viwili, na dereva wa fuso alikuwa ameshapita kwenye barabara ya Kibiti–Mloka siku nzima kutuletea. Tulimlipa nauli, mchanga tukautandaza njiani. Zege lake lingepasuka chini ya miguu ya wageni.

Umeme sitaurefusha. Soketi, swichi na saketibreka zilizozama hazikaushwi, zinatupwa. Betri za lithiamu zilizoingia maji zitoe nje, ziweke mbali na jengo, usijaribu kuzichaji, kwa sababu zinaweza kuwaka moto hata baada ya siku kadhaa. Jenereta usiipige stata kwa pupa. Chomoa kijiti cha oili kwanza. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani, na ukipiga stata unaweza kupinda koneki rodi, ile mikono inayoshika pistoni. Fundi wetu alitoa nozeli zote, akazungusha injini kwa mkono maji yakaruka, akabadilisha oili mara tatu. Ipo inafanya kazi mpaka leo.

Kisima hakina mjadala: kiliingiwa na maji ya vyoo. Kinyonye, safisha tanki, kisha tia klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, gramu 75 kwa kila lita 1,000, ukiikoroga kwanza kwenye ndoo. Fungua kila bomba mpaka usikie harufu, funga, acha usiku mzima, kisha mwaga yote mbali na mto. Peleka sampuli maabara kabla ya mtu kunywa. Timu yetu ilikunywa maji ya kuletwa kwa wiki saba, na mama wa jikoni alichemsha hata ya kuoshea vyombo. Hakuna aliyeumwa tumbo. Mahesabu ya chakula na maji safi ya mafundi yaweke juu kabisa ya bajeti, pamoja na mishahara ya kila Jumamosi, kwani huko hakuna duka la kukopa wala basi la kurudi nyumbani.

Mbao za zamani zinazofaa zipange kivulini, vipande vya fito kati yake ili upepo upite, na usipake rangi mpaka kipima unyevu kisome chini ya asilimia 20. Zetu zilichukua wiki tano. Sakafu tulizopaka mapema zilivimba na kubanduka kabla ya mvua za vuli.

Mwisho tulisimamisha nguzo ya kipimo mtoni, yenye mistari ya rangi kila sentimita 20. Bwawa la umeme la Julius Nyerere liko upande wa juu wa mto kutoka kwetu, hivyo kiwango cha mto hakitegemei mvua ya hapa peke yake, na msimamizi ana namba ya mtu wa kumpa taarifa maji yanapofunguliwa. Askari wa zamu anasoma nguzo saa kumi na mbili asubuhi na jioni, anaandika kwenye daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni mwa jiko. Maji yakifika mstari wa manjano, jenereta na majokofu vinapanda trela. Yakifika mwekundu, wageni wanaondoka, turubai zinafunguliwa, majukwaa yanabaki matupu.

Nilipita tena Februari. Daftari lilikuwa limejazwa kila siku, asubuhi na jioni, na kalamu ilikuwa mpya.